Mbaazi Haukulisingizia Jua

Wahenga wetu walisema kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kwa miaka mingi tumeitumia methali hiyo kumkemea mvivu, na mtu atafutaye kisingizio, na karani asiyemaliza hesabu zake kwa wakati. Leo twataka kuutetea mbaazi. Wataalamu wa kilimo waliouchunguza mmea huu katika Afrika Mashariki wameonyesha kwamba uliposema jua ndilo lililouzuia kutoa maua, mara nyingi ulikuwa ukisema kweli. Joto likipita kiasi chake, na mchana ukirefuka, mbaazi hukaa miezi ukiota majani tu. Mwenye kosa ni yule aliyeusikia akacheka, badala ya kushika kalamu akahesabu.

Hoja yetu ni hii. Miezi ya kwanza ya mbaazi, tangu mbegu kuchipua mpaka tumba la kwanza kutokeza, ndiyo iamuayo mavuno, na ndiyo miezi tuiandikayo kidogo kuliko yote. Elimu ya kuihesabu miezi hiyo ipo, tena sehemu yake kubwa imetokana na majaribio yaliyofanywa katika udongo wa Afrika Mashariki. Lakini elimu hiyo imekaa katika vitabu vya mbali. Haijafika kwa mkulima wa Babati wala wa Masasi, wala kwa katibu wa chama cha msingi anayeulizwa kila mwaka mzigo utakuwa tayari lini, akajibu kwa kukisia. Twataka elimu hiyo irudi, na irudi pamoja na daftari.

Ndugu mfanyakazi wa mjini huenda akauliza: mbaazi mchanga wanihusu nini mimi? Wamhusu sana. Mbaazi nyingi za Tanzania huvunwa kati ya Agosti na Oktoba. Mnunuzi mkubwa ni India, nchi ilimayo na kula mbaazi kuliko nchi nyingine yo yote duniani, na mavuno yake yenyewe huanza kuingia sokoni kwa wingi tangu Desemba. Basi pana kipenyo cha miezi michache ambamo mbaazi za kwetu hufika zikiwa zatakiwa. Atanguliaye hupita, achelewaye hukuta mlango wakaribia kufungwa. Mwezi wa Agosti 2017 Serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingizwa kutoka nchi za nje, na bei katika mikoa yetu ikaanguka vibaya hata wakulima wengi wakakosa wa kuwauzia. Mkulima alipokosa fedha, kuli wa ghala alikosa gunia la kubeba, na kibarua wa kiwanda cha kukoboa alirudishwa nyumbani langoni.

Hatusemi kwamba hesabu ya majani ingaliigeuza amri iliyotolewa New Delhi. Twasema kwamba nchi ijuayo tangu Mei maua yatatoka lini na katika wilaya zipi, ina miezi mitatu ya kutafuta magunia, malori, nafasi ya meli, na hata mnunuzi wa pili. Nchi isiyojua hungoja. Na mwenye kungoja hupangiwa bei.

Sasa tuutazame mmea wenyewe. Mbegu ya mbaazi ikipata unyevu huchipua, lakini ghala lake la chakula hubaki chini ya udongo, tofauti na maharage ambayo huliinua juu likaonekana. Majani mawili ya kwanza ni ya peke yake, nayo huelekeana. Baada yao huja majani ya vijani vitatu vitatu, moja baada ya jingine, kila moja juu ya pingili yake. Kwa wiki nyingi mche huwa mnyonge. Mahindi yaliyopandwa siku ile ile huwa yamefika kiunoni na mbaazi haujafika gotini, na mpita njia huuona kana kwamba umelala.

Haukulala. Mzizi wake mkuu unashuka, na vinundu vya kunasa naitrojeni vinaumbika. Mizizi hiyo hutoa hata asidi iwezayo kuifungua fosforasi iliyokamatwa na chuma katika udongo, jambo ambalo wachunguzi wa Kijapani na wenzao waliokuwa India walilitangaza mwaka 1990. Kazi yote hiyo hufanyika kwa siri, na kwa gharama ya shina na majani. Ndiyo sababu magugu huutesa mbaazi mchanga kuliko adui mwingine: katika wiki sita hadi nane za kwanza hauna kivuli cha kuyazima. Mkulima apaliliaye mahindi yake akaurukia mbaazi kwa kudhani kwamba utajitunza wenyewe, amekwisha kupunguza gunia lake la Septemba, ingawa hataliona pengo hilo mpaka Septemba ifike.

Wataalamu husema kwamba ukuaji huu waweza kuandikwa kwa kielelezo cha hesabu. Neno hilo lisimtishe mtu. Kielelezo ni daftari la mapato na matumizi ya mmea. Mwaka 1735 Mfaransa Réaumur alitoa wazo kwamba joto la kila siku likijumlishwa, jumla hiyo ndiyo ipimayo safari ya mmea, wala si idadi ya siku katika kalenda. Mbaazi huhesabiwa vivyo hivyo. Huchukuliwa wastani wa joto la siku, hutolewa 10, kwa kuwa joto likishuka hapo mmea huu karibu husimama, na kinachobaki ndicho posho ya siku hiyo. Tuseme wastani wa Kabete, karibu na Nairobi, ni nyuzi 18: posho ni 8. Tuseme wastani wa Mtwapa, huko pwani, ni nyuzi 26: posho ni 16. Jani ambalo Kabete lahitaji siku sita kutokeza, Mtwapa kwa hesabu hiyo litatokeza kwa siku tatu. Ukijua idadi ya majani na ukubwa wa kila jani, wajua eneo la kijani lililopo. Ukijua eneo, wajua mwanga kiasi gani umenaswa. Na mwanga ulionaswa ndio ugeukao kuwa uzito wa mmea. Mtoto wa darasa la saba aweza kuifuata hesabu hiyo.

Walakini jani si ua, na hapa ndipo penye siri.

Mwaka 1920 wachunguzi wawili wa Marekani, Garner na Allard, walichapa habari za majaribio yao ya tumbaku na ya soya. Walipanda soya ya aina iitwayo Biloxi kwa tarehe mbalimbali, tangu majira ya kuchipua hata kiangazi. Kwa akili ya kawaida, iliyotangulia kupandwa ingalitangulia sana kutoa maua. Haikuwa hivyo. Zilizopandwa mapema na zilizopandwa kwa kuchelewa zilikaribiana sana kutoa maua, zote mwezi wa Septemba, kwa kuwa zilikuwa zikingoja mchana ufupike. Soya ni jamii ya kunde, na mbaazi vilevile. Mbaazi nao huhesabu saa za mchana.

Mtu atasema kwamba sisi tulio karibu na ikweta hatuna mchana mrefu wala mfupi. Mtwara, iliyo kama nyuzi 10 kusini ya ikweta, mchana wa Desemba huupita mchana wa Juni kwa saa moja na dakika chache. Babati tofauti hiyo ni kama nusu saa. Binadamu hupita mwaka mzima asiitambue nusu saa hiyo, lakini mbaazi wa muda mrefu huitambua. Kielelezo huyagawa maisha yake kabla ya ua katika vipindi. Kwanza kuchipua. Kisha utoto, ambao mmea haujali mchana ni mrefu au mfupi. Kisha kipindi cha kuusikiliza mchana, ambacho huweza kuwa kifupi au kikavutika kwa wiki na wiki. Mwisho kuumba tumba.

Na hapa mkulima apate faida yake mara moja, bila kungoja mashine. Tuseme jirani wawili wamepanda mbegu moja ya muda mrefu. Wa kwanza alipanda katikati ya Desemba, na maua yake yakatoka mwanzo wa Juni: mmea wake ulipata kama siku 168 za kujenga mwili. Wa pili alichelewa mpaka katikati ya Februari. Maua yake hayatachelewa miezi miwili. Kwa kuwa mchana unafupika na baridi inaingia, huenda yakatoka wiki mbili au tatu tu baada ya ya jirani yake, na mmea wake utakuwa umepata siku kama 125. Alidhani kwamba ameisogeza mbele saa ya mavuno. Kumbe ameukata mmea kimo, matawi na majani. Mmea mdogo hubeba maganda machache. Dawa yake yajulikana: mwenye kuchelewa asipande kwa nafasi ile ile ya mwenye kuwahi, bali abananishe, ili mimea midogo mingi ilifunike shamba ambalo mikubwa michache ingalilifunika. Huko India mbaazi zipandwazo kuelekea mwisho wa mvua, mwezi wa Septemba, hubananishwa kwa sababu hii hii. Lakini ni vijijini vingapi ambamo mkulima aliyechelewa ameambiwa hivyo na ofisa ye yote?

Turudi kwenye jua na hatia yake. Kutoka nyanda za juu za Kenya kushuka mpaka baharini pana maabara ambayo hakuna aliyeijenga, nao ni mteremko wenyewe. Kabete iko kwenye kimo cha meta 1,800 hivi. Katumani, karibu na Machakos, yapata meta 1,600. Kiboko iko kama meta 900, na Mtwapa iko karibu na usawa wa bahari. Zote hizo haziko mbali na ikweta, kwa hiyo mchana wao walingana karibu sawa, ila joto latofautiana sana. Wachunguzi wa ICRISAT na wenzao wa Kenya walipanda humo aina za mbaazi za muda mfupi, wa kati na mrefu, na mahali pengine wakawasha taa usiku ili kuurefusha mchana kwa makusudi. Matokeo yalichapwa miaka ya 2000. Aina za muda mfupi hutoa maua upesi zaidi panapo joto la nyuzi 23 au 24. Aina za muda mrefu hutaka ubaridi wa karibu nyuzi 18. Joto likizidi hapo, ua hurudi nyuma.

Msomaji na aiweke picha hiyo mbele ya macho. Pwani, posho ya joto ni maradufu na majani yatoka mbio; na huko huko pwani ua la mbaazi wa muda mrefu kutoka nyanda za baridi lachelewa. Mmea mmoja, jua moja, mambo mawili yanayopingana. Mbaazi waendelea kurefuka kama mti, mwenyewe ausifu, na maganda hamna. Mtu ajengaye kielelezo chake kwa kanuni nyepesi kwamba joto zaidi ni mwendo zaidi atamdanganya mkulima kwa wiki nyingi. Hatamdanganya kwa ubaya. Atamdanganya kwa sababu hakuhesabu katika shamba la mkulima huyo.

Kielelezo chenyewe kimekwisha kuundwa. Mwaka 2001 wachunguzi wa Australia pamoja na wale wa ICRISAT walichapa mfululizo wa makala juu ya mbaazi: jinsi majani yatokavyo na kupanuka, jinsi ua linavyouitika mchana, jinsi uzito unavyogawanywa. Hesabu hizo ziliwekwa katika programu iitwayo APSIM, iliyoanzia Queensland. Hiyo ni kazi nzuri, nasi twaisifu bila choyo. Lakini kielelezo ni kama suti ya fundi: kitambaa kiwe bora namna gani, vipimo ni vya mtu aliyesimama mbele ya fundi. Sisi tuna Komboa ya muda mfupi, Tumia ya muda wa kati, na Mali ya muda mrefu. Tena tuna mbegu za kienyeji ambazo wachunguzi walizikusanya pwani, nyanda za mashariki, nyanda za kusini, na nyanda za juu za kaskazini, wakakuta kwamba kila upande umejichagulia mbaazi wake kwa karne za kulima. Mbegu ya Karatu si mbegu ya Nachingwea, hata zikifanana rangi. Kila moja yahitaji namba zake: utoto wake wa siku ngapi, usikivu wake kwa mchana wa kiasi gani, joto lake la kupendelea ni lipi. Namba hizo hazinunuliwi dukani. Hupatikana kwa mtu kwenda shambani kila wiki akahesabu pingili.

Wako watakaotupinga. Wa kwanza watasema mkulima ajua mwenyewe mbaazi wake utatoa maua lini, kwa kuwa babu yake aliujua. Ni kweli, na kielelezo cho chote kisichoanza na ujuzi wa mkulima ni upuuzi. Lakini babu alizijua mvua za wakati wake. Mvua za kwanza zikichelewa mwezi mzima, na usiku wa Mei ukiwa wenye joto kuliko alivyouzoea, ujuzi wa tarehe humwacha mtu njiani. Ujuzi wa sababu humfuata hata katika mwaka mgeni. Na mkulima aijuaye mbegu ya kijiji chake haijui ile aliyouziwa jana katika mfuko.

Wa pili ni watu wa mashine. Wao husema kwamba siku hizi vyombo vilivyoko angani vyaona kila shamba, basi Bwana Shamba na apumzike. Tungependa waende Babati mwezi wa Februari. Watakuta mahindi yamesimama, na mbaazi umejificha chini yake. Chombo cha angani kitaona mahindi. Miezi ile ya utoto wa mbaazi, ambayo ndiyo tunayoizungumzia, hupita chini ya kivuli cha mmea mwingine, wala hakuna jicho la juu liwezalo kuyahesabu majani yake. Baada ya mahindi kuvunwa, chombo hicho kina kazi nzuri ya kufanya, nasi hatukipingi.

Kuna wengine ambao hawapingi kwa maneno bali kwa desturi. Mradi waja kijijini na gari jeupe, wapima mashamba kwa misimu miwili, wapiga picha, waondoka na karatasi. Mkulima aliyesimama juani akishika kamba ya kupimia haoni tena namba za shamba lake. Baada ya miaka mitatu waja mradi mwingine, wapima yale yale. Kisha simu ya mkononi yaleta ujumbe mmoja kwa mikoa mitano, wote wapalilie wiki moja, kana kwamba Hanang na Newala ni bustani moja ya mtu mmoja. Jambo hili ni la haki kama lilivyo la sayansi. Namba iliyotoka katika jasho la mkulima yapasa ibaki mahali ambapo mkulima aweza kuisoma.

Basi twapendekeza nini? Mafunzo ya kufaa yaanze kabla ya mvua za msimu ujao katika kata zilimazo mbaazi kwa biashara. Katika kila kata yachaguliwe mashamba machache ya wakulima wenyewe, wala yasiwe mashamba ya maonyesho yaliyotiwa mbolea kwa ajili ya mgeni. Bwana Shamba au Bibi Shamba aifunge mimea kumi kwa uzi mwekundu katika kila shamba, na kila wiki ahesabu pingili za mimea hiyo hiyo. Chama cha msingi kimpe kijana mmoja wa kumsaidia, na kijana huyo alipwe. Kazi ya hesabu isiitwe kujitolea kwa sababu tu ni ya kalamu. Vituo vya utafiti vya Selian, Ilonga na Naliendele viichukue kazi ya kuzigeuza namba hizo kuwa vipimo vya kielelezo, na Chuo Kikuu cha Sokoine kiwapeleke wanafunzi wake vijijini nyakati za kuhesabu, si wakati wa kuvuna tu ambapo kila mtu hupenda kupigwa picha. Mamlaka ya Hali ya Hewa itoe joto la kila siku la vituo vilivyo karibu bila kumtoza mkulima senti.

Gharama yake tumeipima kwa akili ya kawaida. Uzi, daftari, penseli, baiskeli, na posho ya kijana. Kinachokosekana ni mtu wa kuamuru, na mtu wa kuuliza mwezi wa Machi: mmehesabu ngapi? Wanachama wanaokaa katika halmashauri za wilaya waweza kuuliza swali hilo katika kikao cho chote, wala hawahitaji ruhusa ya mtaalamu.

Daftari lenyewe lisiwe na safu nyingi, maana safu nyingi huzaa uongo. Liwe na jina la mbegu na mahali ilikotoka. Siku ya kupanda. Siku mche ulipotokeza. Kimo cha mahindi yaliyo jirani. Siku ya kupalilia. Idadi ya pingili kila Jumamosi. Siku tumba la kwanza lilipoonekana, na siku nusu ya mimea ilipokuwa na ua. Liandikwe kwa Kiswahili, kwa nakala tatu. Moja iende kituo cha utafiti, moja ikae katika ofisi ya chama cha msingi karibu na mizani, na moja apewe mwenye shamba.